Kopo Lililolia Ndani ya Khanga

Novatus mwanangu,

Umeshuka mjini kutafuta mabuti ya mpira, na kwa mvua hii ya Kitendaguro najua hurudi mapema. Nimechukua daftari lako la jiografia, lile uliloliacha nusu, nikakaa hapa barazani. Ndizi ziko jikoni nimezifunika majani, zinaiva taratibu. Ukisikia karatasi hii inanuka moshi, ujue ni wa kuni tu.

Ya chandarua, ya kufua, ya kula kitu kabla ya kupanda boti kwenda kwa mjomba wako Goziba, hayo siyaandiki. Nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Naandika kwa sababu ya swali lako la leo asubuhi. Ulikuwa unapiga mswaki pale kwenye pipa la maji, ukaniuliza bila kuniangalia: "Mama, hivi Mjomba Deus ataniachia kweli funguo za stoo? Si anajua mimi ni mwongo?"

Nikajifanya naita kuku. Mtu mzima wa miaka thelathini na tano, naita kuku ambao walikuwa miguuni kwangu.

Jibu ninalo, mwojo wangu, kijana wangu. Ila ni refu, na linaanzia kabla hujazaliwa. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, ukiona nimeruka mahali unisubiri, nitarudi.

Unajua nililelewa Ijumbi na bibi yangu, ambaye wewe hukumkuta. Bibi alikuwa na kiko cha udongo, kidogo, cheusi kwa kushikwa. Akirudi kupalilia kibanja chake cha migomba na kahawa alikuwa anakaa sebuleni kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, ananyoosha miguu, anaita: "Adela, niwashie!" Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Jiko lilikuwa nyumba ya nyuma, na katikati kuna uwanja. Sasa, kaa la moto ukiliweka juu ya tumbaku na kutembea nalo hivi hivi, linazima kabla hujafika. Ni lazima ulivute. Nilikuwa navuta mara moja mlangoni kwa jiko, mara moja katikati ya uwanja, na kama kuna mvua naongeza ya tatu. Bibi huku anapaza sauti: "Usiniletee kiko kilichokufa!" Nikiingia na moshi unanitoka puani, wageni wanacheka, Bibi anacheka, na mimi nacheka. Nilikuwa na miaka saba, labda minane.

Hakuna aliyeona kosa. Kutumwa kiko ilikuwa sifa, ilimaanisha wewe ni mtoto wa karibu. Ndiyo maana siwezi kukwambia siku niliyoanza. Ninachokumbuka ni siku Bibi alipopelekwa hospitali Muleba akakaa huko siku kadhaa, na kiko akaenda nacho. Kichwa kiliniuma, nikawa mkali, nikampiga mbuzi teke, nikalia bila sababu. Watu wakasema, "Maskini, anamkumbuka bibi yake." Nilimkumbuka kweli. Lakini nilikuwa nakikumbuka na kiko, na sikuwa na mtu wa kunieleza kwamba hivyo ni vitu viwili.

Simlaumu. Bibi alinipenda kuliko alivyopenda macho yake. Nakueleza tu kitu kilivyoingia.

Nikaja Bukoba, nikakuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, baba yako akaenda Geita na yaliyofuata unayajua. Kiko kikageuka sigara. Hapa mjini mwanamke akivuta, mtaa mzima unamjadili, nikajifunza kujificha. Lile kopo langu lilikuwa la maziwa ya unga, yale uliyokunywa wewe mwenyewe ukiwa mchanga. Ndani nilitia sigara na kiberiti. Nilikuwa nalifukia chini ya majani makavu, mgomba wa tatu kutoka kwenye ule mti wa kahawa uliopinda. Nikimaliza, nafikicha majani ya mlimao mikononi, narudi nyumbani nanukia kama chai.

Na wewe ulikuwa mgongoni. Ulikuwa unakohoa, nakubembeleza kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sigara. Hilo nimeliandika haraka nisije nikalifuta.

Sigara nilinunua dukani kwa Mama Shakiru, unamjua hana siri usoni. Kila mara nilimwambia, "Nipe za fundi, leo nina fundi nyumbani." Miaka yote hiyo. Siku nilipomweleza ukweli aliangua kicheko mpaka akashika mizani. "Maawe! Fundi gani huyo, Mama Nova? Anajenga miaka kumi na sita na hata tofali moja hatujaliona!" Kumbe alijua tangu wiki ya kwanza. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nadanganyika.

Sasa, ulipofika kidato cha tatu, sigara zikaanza kupungua koponi. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni mimi. Nikajisemea, Adela umekwisha, unavuta mpaka usingizini. Nikajipunguzia, lakini kopo likazidi kupungua. Nikaogopa kweli, nikasali rozari nzima kuombea mkono wangu mwenyewe. Mpaka mchana ule nilipokwenda kwenye mgomba wa tatu nikakukuta umechuchumaa, sigara imewaka, kopo liko wazi kati ya magoti yako.

Tulitazamana. Ningeweza kukaa chini. Nimefikiria mara nyingi: kama ningekaa tu, hata bila kusema kitu. Badala yake nikakuzaba kofi, nikaanza kupiga kelele za mwizi, kana kwamba uko kwenye kibanja cha mtu mwingine. Kelele zile hazikuwa za uchungu wa mama, mwanangu. Zilikuwa za mtu aliyefumaniwa anayewahi kufumania.

Na kwa bahati mbaya Mjomba Deus alikuwa hapa, ametoka kisiwani Goziba kuja kutusalimia. Akatoka mbio na kijiko mkononi. Akatukalisha sebuleni. Mimi nilikuwa nimeshalinyakua lile kopo nikalifunga ndani ya khanga, hapa kwapani. Unakumbuka. Haya, acha niandike kama ilivyokuwa, maana hatujawahi kulisema lote.

"Sigara umeipata wapi?" akauliza Deus.

"Nimeokota, Mjomba."

"Umeokota! Sigara nzima, haina hata vumbi, inakusubiri kibanjani?"

Akanigeukia. "Na wewe dada? Hukuwahi kuona dalili?"

"Mimi? Ningeona wapi?" nikasema. "Hata sijui kajifunza wapi."

Na hapo hapo nikasogea kidogo kwenye kiti, kiberiti kikagonga kopo. *Kacha kacha.* Deus akainua sikio. Na wewe, mtoto niliyekuzaba kofi robo saa iliyopita, ukakohoa. Ukakohoa kwa nguvu, kikohozi cha mzee wa miaka sabini, mpaka machozi yakakutoka.

"Mnaona!" Deus akasema. "Kifua tayari kimeshaharibika!"

Akakuhukumu kukata nyasi na kuzitandaza kibanja chote, wiki mbili. Akaongeza kwamba sigara ataisamehe, ila uongo wa kuokota hatausahau. Mimi nilikaa pale na kopo langu kwapani, nikatikisa kichwa kama jaji mdogo.

Hilo kofi ulilopigwa lilipoa siku ile ile. Kile kikohozi chako, mpaka leo kipo ndani yangu.

Siku ya pili nikakufuata kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi. Nilijidanganya nakwenda kukusaidia mzigo. Tukakata nyasi mpaka jua likawa juu ya kichwa. Tangu jana yake sikuwa nimevuta, kopo nililiogopa kama nyoka.

"Mama, mbona mikono inakutetemeka?"

"Ni hili panga. Zito."

"Mama."

"Nini wewe?"

"Na mimi inanitetemeka."

Nikakaa juu ya mzigo wa nyasi. Nikakwambia unisamehe kwa ile ya kusema sijui kajifunza wapi. Ukanijibu taratibu kabisa, "Nilijifunza hapo hapo, Mama. Mgomba wa tatu." Tukacheka! Tulicheka mpaka yule mchungaji aliyekuwa na ng'ombe upande wa pili akasimama kutuangalia. Halafu nikakuuliza ulitafuta nini kwenye kopo lile, ukasema ulitaka kujua ni kitu gani kizuri hivyo ambacho kila siku nakiendea peke yangu nakuacha ndani. Hapo sikucheka.

Tuliacha pamoja, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao na wewe, ingawa ukiuliza majirani watakwambia ulikuwa wa vita. Nesi wa zahanati alituambia kwamba nikotini inakudai mwilini kama mtoto anayelilia titi, lakini ile hamu haikai, ukiisubiri kidogo inaondoka yenyewe. Tukatafuta kipimo cha hicho "kidogo". Wewe ndiye uliyekipata. Nilikuwa nimeletewa akamwani kutoka Ijumbi, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa tunazowapa wageni kutafuna. Ukatia moja mdomoni, ukakaa mlangoni, ukaitafuna mpaka ikaisha utamu. Ukasema, "Imeondoka." Basi hamu moja ikawa akamwani moja. Siku zingine tulitafuna kama wazee kwenye posa, na wageni wakija hatuna hata moja ya kuwapa.

Nilitia chumvi mara mbili kwenye maharage. Ulinuna siku nzima kwa sababu ya jembe ambalo hata halikuwa letu. Mama Shakiru akaja kutuamua ugomvi, akakuta tunagombania nani alianza kununa. "Nyie," akasema, "afadhali yule fundi arudi!"

Siku ya tisa ukatoka shule, ukasimama mlangoni hukuingia. Ukasema rafiki yako alikupa na umevuta. Nilikuwa nakoroga uji, nimeshika mwiko. Niliuangalia ule mwiko, na wewe ukauangalia. Halafu sijui ni nani aliyenifunga mdomo, nikakuuliza, "Umekula?" Ukaingia ndani. Tukaanza kuhesabu siku upya, wote wawili, ingawa mimi sikuwa nimevuta. Nilitaka usihesabu peke yako.

Sikufundishwa na mtu, ila niliona kwa macho yangu: nilipopiga kelele ulizidi kuwa hodari wa kuficha, na nilipouliza kama umekula ulinieleza hata ambayo sikuuliza.

Halafu kahawa zikachanua. Unakumbuka asubuhi ile? Nilikuita kama nyumba inaungua. Ukatoka na mguu mmoja wa kandambili. "Nini, Mama?" "Unasikia?" "Nisikie nini?" "Harufu!" Maua yamejaa kwenye ule mti wa kahawa uliopinda, meupe, na kibanja kizima kinanukia. Nimezaliwa kwenye kahawa, nimekulia kwenye kahawa, na nilikuwa sijawahi kuyasikia maua yake hivyo. Moshi ulikuwa umeninyima tangu nina miaka saba. Ulinicheka, ukasema, "Mama, umelia kwa sababu ya maua?" Ndiyo, nililia. Na leo nikikumbuka nafurahi tena vile vile.

Sasa nirudi kwenye swali lako.

Mwezi uliopita Deus alipokuja kusema anahitaji mtu wa kumsaidia kutengeneza injini za mitumbwi, mimi nilikutaja kabla hajamaliza sentensi. Akakuna kidevu. Akasema, "Mikono yake naijua, ni mizuri. Lakini dada, stoo yangu ina petroli na vipuri vya watu. Siwezi kumpa funguo mtu anayeokota sigara nzima kibanjani." Wewe ulikuwa kisimani. Nikaona kabisa kwamba nikinyamaza hapo, utakwenda Goziba na uongo wangu mgongoni kama gunia, na utaubeba mpaka uzeeke.

Nikamletea akamwani kwenye kikapu kidogo, kama mgeni wa heshima. Akashangaa. Nikapiga goti, nikamwambia, "Waitu kaka, zile sigara zilikuwa zangu."

Akaacha kutafuna.

"Zako?"

"Zangu. Na kopo lilikuwa kwapani siku ile umekaa kuhukumu. Lililia, ukainua sikio."

Halafu nikaona bega linaanza kutikisika. "Kwa hiyo kile kikohozi..."

"Kilikuwa cha kopo."

Alicheka mpaka akalala kwenye kochi. Alicheka, akanyamaza, akaanza tena. Halafu akafuta macho, akawa mtu mwingine. Akasema, "Nimemtandazisha mtoto nyasi kibanja kizima kwa sigara za dada yangu. Na akakubali." Akasimama, akaenda dirishani. "Mlete. Funguo atashika yeye. Ila mwambie kwenye petroli yangu hakuna undugu, akiwasha karibu na stoo anarudi na boti ya kwanza."

Nilitaka kukwambia siku ile ile. Kila nikifungua mdomo nilikuwa naita kuku. Basi leo nimekwambia: Mjomba anajua. Huendi Goziba kama mwongo.

Huko, Deus ananiambia, sigara ndiyo salamu. Mvuvi akikuletea injini, kabla hajakueleza ugonjwa wake anakunyooshea sigara, na ukikataa anaona umemdharau. Nimelifikiria hilo sana kuliko mabuti. Akinyoosha mkono, na wewe nyoosha wako, mpe akamwani. Watu wa kila kabila wako kule, wengine watadhani unawapa mavi ya mbuzi. Watafune, wacheke, wakupe jina. Jina la utani halijamuua mtu.

Limebaki moja, na hili hata Mama Shakiru ameahidi kulinyamazia, sijui kama ataweza.

Siku Deus alipopiga simu kusema boti imepatikana, nilikata simu nikatembea mpaka dukani. Nikasema, "Nipe moja." Mama Shakiru akaniangalia. "Ya fundi?" "Ya fundi." Hakucheka. Nikaenda mgomba wa tatu, ambao ulishaanguka na sasa ni mtoto wake aliyesimama, nikawasha. Nilivuta nusu. Kichwa kikazunguka, mate yakajaa, nikaona haya mbele ya migomba. Nusu nyingine nikaitupa kwenye shimo la choo.

Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi saba bila kuvuta, mwanangu. Leo nina siku nne.

Nilikaa pale nikisubiri kuona kama dunia itakwisha. Nikasikia unapiga mluzi jikoni unapasha chakula. Ulipotoka ukaniuliza, "Mama, umekula?" Hukujua kitu, uliniuliza tu. Nikala. Kesho yake nikaanza kuhesabu moja.

Siku ikikukuta na wewe kule, wakati wa baridi au wa upweke au wa bure tu, nipigie. Usitafute maneno. Sema, "Mama, fundi amekuja." Nitaelewa. Sitakuuliza umeipata wapi, swali hilo tulishaona linazaa nini. Nitakuuliza kama umekula, tutaanza moja pamoja.

Nasikia Mama Shakiru anakusalimia huko barabarani, kwa hiyo umefika, na sauti yake inaonyesha mabuti ni makubwa mno. Namalizia.

Chini kabisa ya begi, chini ya sweta, utakuta lile kopo. Nimelisugua kwa majivu na ndimu, nimelianika juani siku tatu, halinuki tena. Nimelijaza akamwani za Ijumbi. Usizitunze, zigawe. Zikiisha, kopo nalitaka, ulilete mwenyewe nikujazie tena.

Na kama litalia ndani ya begi mbele ya Mjomba Deus, usikohoe.

Mama yako,
Adela